Chupa ya Sikujua

Injini ya Kaniki imelala kwenye stendi ya mbao,
farasi arobaini, na hakuna hata mmoja anayekohoa.
Imeletwa kwa guta toka ufukweni Kunduchi,
naye amekuja nyuma yake kwa miguu,
dumu mkono mmoja, risiti ya sheli mkono wa pili,
anaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma talaka.

"Ni spiriti, fundi. Siku hizi wanatia spiriti ya miwa kwenye petroli.
Niandikie hivyo. Nikawadai."

Mimi siandiki kabla sijafungua.

Bakuli la kabureta lina uji wa kijani.
Mpira wa mafuta umevimba, umelegea,
kama vidole vya mtu aliyefua tangu alfajiri.
Jeti ndogo, ile yenye tundu la kupitisha unywele,
haipitishi hata mwanga.

Natoa chupa kabatini.
Ni ya kunyonyeshea, ya Sikujua wangu,
ambaye leo yuko kidato cha pili na hataki niwaambie watu.
Ina mistari na namba; kipimo gani kingine nitapata kwa bei hiyo?
Maji hadi ishirini.
Petroli ya dumu hadi mia na ishirini.
Nafunga, natikisa
kama nilivyotikisa maziwa usiku wa umeme kukatika,
nangoja.

Petroli na maji havipikiki chungu kimoja.
Pombe ni rafiki wa wote wawili,
ila ikilazimishwa kuchagua, huyafuata maji.
Mstari unapanda. Ishirini na tano. Ishirini na nane.
"Umeona!" Kaniki anajipiga paja.

Nimeona.
"Mara ya mwisho uliiwasha lini?"

Anatazama guta linavyogeuza.
Mwezi wa tatu, anasema, kabla ya mvua.
Wageni walikatika, akaifunika turubai.
Leo ni tarehe nne, mwezi wa tisa.

Nimwambieje?
Kwamba mashine ya kukatia majani ya Mwalimu Ngasongwa
hunywa mafuta ya sheli hiyo hiyo kila Ijumaa,
na kwangu huja kunolewa kisu tu?
Kwamba spiriti huyaita maji, kweli, huyavuta hewani,
na hewa yetu hapa unaweza kuikamua kama kanga;
kwamba maji yakizidi hushuka chini ya tangi,
yakatulia, yakala aloi bila haraka?
Siitetei. Mpira haukuvimba kwa kupenda.
Lakini miezi sita, Kaniki.

Kaka yangu Chaurembo
alihudumia mashine za kiwanda cha magunia miaka kumi na tisa.
Walipompa barua akakaa barazani.
Chupa ilimkuta pale pale.
Msibani kila mtu alikuwa na neno moja, pombe,
nami niliitikia huku napakua wali,
maana ni neno fupi na halimdai mtu.
Hakuna aliyeuliza mara ya mwisho aliwashwa lini.

"Sasa ni spiriti au siyo?" Kaniki ananiinamia.
Nachukua kalamu ya mafuta mafuta.
Naandika: Petroli ina spiriti, kama nane kwa mia.
Naandika: Mpira ubadilishwe, utafutwe ule unaostahimili.
Tangi lisiachwe nusu.
Iwashwe kila wiki, hata kama haina pa kwenda,
au ikaushwe yote, hadi tone la mwisho.

Penye "Chanzo" nimepaacha wazi.
Anaishika karatasi, anaigeuza, anatafuta nyuma yake.

Mimi nimeshaingia ndani, naosha chupa
kwa sabuni, mara mbili,
halafu nainusa.
Halafu mara ya tatu.